Kutunza mchai: kwa nini majani yanakuwa ya njano na nini cha kufanya

Mtu wa Bombo akienda Usambara kumtembelea ndugu, mara nyingi harudi mikono mitupu. Wapo wanaorudi na miche mitatu minne ya chai kwenye viriba, wameiomba kwa mwenyeji au wameinunua kitaluni. Miche inapandwa karibu na nyumba, inamwagiwa samadi na majivu kama tunavyofanya kwa mgomba, na mwaka wa pili majani yanaanza kuwa ya njano. Hapo mwenye nyumba anakwenda dukani kutafuta dawa. Anapiga mara ya kwanza, anapiga mara ya pili, fedha inakwisha na mche haubadiliki.

Jibu letu kwa wengi wenye tatizo hilo ni kwamba dawa haihitajiki kabisa. Shida iko kwenye udongo, na aliyeileta mara nyingi ni sisi wenyewe kwa mkono wetu.

Tuanze na mmea wenyewe. Mchai ni aina ya kamelia, na jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Anaye ndugu yake wa maua, Camellia japonica, anayepandwa kwenye bustani za nchi za baridi kwa ajili ya uzuri wake. Huku kwetu kamelia ya maua ni nadra, lakini kama unayo moja uliyopewa, matunzo ni yale yale ya mchai isipokuwa kwenye kupogoa, na tutalitaja hilo tukifika. Chai ilianza kujaribiwa katika nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati wa Wajerumani, kwenye kituo cha Amani kule Usambara Mashariki. Asili yake ni milima ya Asia yenye mvua nyingi na udongo mchachu. Ukikumbuka mambo hayo mawili, mvua na uchachu, umeshaelewa nusu ya matunzo.

Mchai haupendi majivu

Wataalamu hupima uchachu wa udongo kwa kipimo kinachoitwa pH. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 14, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo udongo unavyokuwa mchachu zaidi. Mahindi hupenda namba 6 au zaidi kidogo. Kahawa iko chini ya hapo kidogo. Mchai unataka kati ya 4.5 na 5.6, yaani udongo ambao mahindi yangedumaa.

Sasa fikiria jiko la Mpare. Makande yanachemka saa nyingi, kuni zinaungua, na asubuhi kuna ndoo ya majivu. Majivu hayo tunayapeleka shambani, na kwa mgomba ni mali kwelikweli. Lakini majivu huondoa uchachu wa udongo, sawa na chokaa. Maji yenye magadi hufanya hivyo hivyo, na saruji au chokaa iliyobaki chini baada ya kujenga nayo hufanya hivyo. Mche wa chai uliopandwa hatua mbili kutoka ukutani, mahali ambapo mafundi walikorogea zege, hauna bahati hata ukimwagiliwa kila siku.

Udongo ukipoteza uchachu, madini ya chuma yaliyomo hujifunga na mizizi ya mchai haiwezi kuyafyonza. Dalili yake ni hii: majani machanga, yale ya juu kabisa, yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Ukiona hivyo, acha majivu mara moja. Ondoa udongo wa juu uliomwagiwa, weka matandazo ya majani makavu, na mbolea ya kukuzia iwe salfeti ya amonia, ile mnayoiita SA, kwa sababu huongeza uchachu. Usitumie CAN ya mahindi, kwani ina chokaa ndani yake. Kama mche bado mdogo na uko pale pa zege, ung'oe na bonge lake la udongo mwanzo wa mvua, uuhamishie mahali pengine. Ni rahisi kuliko kupigana na saruji.

Njano si ya aina moja, na hapa watu wengi wanachanganya. Kama ni majani yale ya chini, yaliyokomaa, yanayopauka yote pamoja na mishipa yake, basi mmea una njaa ya naitrojeni na unahitaji mbolea. Kama jani zima ni njano, linanyauka, na udongo chini ni wa matope, mizizi inazama. Mchai unapenda mvua lakini hauwezi kusimama kwenye maji. Wanaomwagilia kwa zamu ya ndiva waangalie hilo: maji yakifika ni mengi kwa mara moja, na mtu anaona vibaya kuyaacha yapite, kwa hiyo anayatuamisha kwenye shina. Fungua njia yatoke.

Ukitaka uhakika kabla ya kupanda, udongo upimwe. Chukua udongo sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi (isiwe ndoo ya majivu, tafadhali), kisha toa nusu kilo. Kituo cha TARI Mlingano kilichopo Muheza kinashughulika na mambo ya udongo, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kufikisha sampuli. Kwa macho tu, mahali panapoota kangaga nyingi zenyewe huwa na udongo mchachu.

Kupanda na kulisha

Hapa hatutakaa sana. Shimo liwe na kina cha sentimita 45 na upana wa 25. Panda mvua zikiwa zimeshika, si zinapokaribia kuisha. Chana kiriba na ukiondoe chote, halafu tazama mizizi. Kama mzizi mkuu umejikunja chini kama ndoano, ukate pale ulipojikunja. Mche wenye mzizi uliojikunja hukua vizuri mwaka wa kwanza na kudumaa mwaka wa pili au wa tatu, na mwenyewe hubaki akimlaumu jirani. Usiufukie mche chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye kiriba.

Matandazo ni lazima kwa miaka miwili ya mwanzo, lakini yasiguse shina, maana mchwa hupanda kupitia hapo. Mizizi mingi inayolisha mchai iko juu juu, kwa hiyo palizi ya jembe huikata. Ng'oa magugu kwa mkono. Sangari ndiyo adui mkubwa kuliko mdudu yeyote. Iondoe yote kabla hujapanda, kwani ikishajisokota kwenye mizizi ya mchai huitoi tena.

Mbolea inayotumika sana kwenye mashamba ya chai ya Afrika Mashariki ni NPK yenye naitrojeni nyingi, kwa mfano 25:5:5. Shina lililokomaa linahitaji kama gramu 50 kwa mwaka. Kwa kipimo cha nyumbani, kifuniko cha soda hubeba karibu gramu 5, kwa hiyo weka vifuniko vitano masika na vitano vuli, ukizungusha kando ya shina bila kuligusa. Mche wa mwaka wa kwanza kifuniko kimoja kwa awamu kinatosha. Samadi iliyooza vizuri inafaa kwa kiasi, ile mbichi hapana.

Kupogoa, na kishawishi cha kuni

Mchai ukiachwa peke yake huwa mti wa mita kadhaa. Kichaka tunachokiona mashambani ni kazi ya kisu. Shina la mche linapofikia unene wa penseli, likate sentimita 15 kutoka chini ili litoe matawi. Matawi yakikua, yakate tena juu kidogo, na baadaye juu kidogo tena, hadi upate kichaka kilicholala bapa kama meza, kimo cha kiuno hivi. Ni kazi ya miaka miwili hadi mitatu na haina njia ya mkato. Anayechuma mapema mche haujatanuka atapata kikombe cha leo na kichaka chembamba maisha yote.

Baada ya hapo kichaka hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, kwenye kimo cha nusu mita, na kila awamu unapanda kama sentimita 5 juu ya mkato wa zamani. Wakati mzuri ni majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Usipogoe mche uliodhoofika kwa ukame, kwa sababu akiba ya chakula cha kuchipulia iko kwenye mizizi, na mche wenye njaa hauna akiba.

Sasa kishawishi. Matawi yaliyokatwa ni makavu, ni mepesi, na mama au watoto wakiyaona wanaona kuni. Hatulaumu, kuni ni tabu. Lakini matawi hayo yana kazi mbili. Kwanza yalazwe juu ya mashina yaliyokatwa ili jua lisibabue gome. Machipukizi yakitokeza, yashushwe chini yawe matandazo, yaoze, yarudishe chakula kwenye udongo ule ule mchachu. Ukiyapeleka jikoni unapoteza mbolea, na yakirudi shambani yakiwa majivu umepoteza mara mbili.

Wenye kamelia ya maua, nyinyi hampogoi hivyo. Mnakata kidogo tu baada ya maua kwisha, kwa sababu machipukizi ya maua ya msimu ujao huanza mapema. Vitumba vya maua vikidondoka kabla ya kufunguka, kwa kawaida udongo ulikauka halafu ukaloweshwa ghafla. Kwa mchai wa kunywa, maua mengi ni malalamiko: mmea uliobanwa na ukame au njaa huacha kutoa majani na kutoa maua na mbegu.

Shina linalokufa ghafla

Ugonjwa unaotisha kuliko yote ni kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kuvu aitwaye Amilaria. Kichaka kilichokuwa kizima kinanyauka, majani yanakauka yakiwa bado yameshikilia matawi, na baada ya muda cha jirani nacho kinafuata. Chukua kisu, banduka gome pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe kama karatasi laini, wenye harufu ya uyoga, ndio wenyewe.

Kuvu huyo hukaa kwenye visiki na mizizi ya miti ya zamani. Huku milimani mashamba mengi yamefunguliwa mahali palipokuwa na msitu au miti mikubwa, kwa hiyo chanzo kipo chini ya miguu yetu. Dawa ya kupuliza haifiki huko. Kinachofanyika ni kung'oa kichaka kilichokufa pamoja na mizizi yake yote, hata ile yenye unene wa kidole, pamoja na kisiki kilicho karibu, na kuchoma yote mbali na mashina mazima. Pale palipong'olewa pasirudishiwe mchai kwa muda. Panda majani ya mifugo. Anayetaka kufungua eneo lenye miti, na ana kibali cha kuikata, azungushe mkato kwenye gome la kila mti mwaka mmoja au miwili kabla ya kuuangusha. Mti hufa polepole, mizizi inamaliza wanga wake, na kuvu hapati chakula cha kutosha.

Yupo pia ugonjwa wa gome unaoshambulia michai michanga baada ya ukame mkali. Tawi moja linakufa, na chini yake gome limedidimia na kupasuka. Kata hadi kwenye sehemu nzima yenye utomvu, uweke matandazo, na uache mche upumzike usichumwe. Ama ile ndevu ya kijivu na kuvumwani inayoota kwenye mashina ya zamani, iacheni. Haimli mtu wala haimli mchai.

Wadudu, na kwa nini tunaogopa dawa

Machipukizi yakipata madoa ya kahawia yaliyozama kama yamechomwa na sindano ya moto, kisha jani linajikunja na kukauka, huyo ni helopeltisi. Ni mdudu mwembamba mwenye miguu na papasi ndefu, mtu anaweza kumdhania mbu. Ndugu zake wa karibu husumbua mikorosho ya pwani. Anapenda kivuli kizito na machipukizi yasiyochumwa. Kwa hiyo punguza matawi ya miti ya juu, na chuma mara kwa mara pamoja na yale yaliyoharibika, uyatupe mbali.

Kiangazi huleta utitiri mwekundu. Humwoni vizuri kwa macho, ila majani yaliyokomaa yanapoteza kijani na kuwa na rangi ya shaba, hasa kwenye mistari iliyo kando ya barabara ya vumbi. Shika jani moja juu ya karatasi nyeupe ulipige kwa kidole. Vidoa vikianza kutembea umempata. Maji yanayopuliziwa kwa nguvu kwenye majani, na kivuli chepesi cha grivilia, humpunguza. Mvua zikianza hupungua mwenyewe.

Majani yakipakwa weusi kama masizi ya sufuria, usihangaike na weusi huo. Tazama juu yake: kuna vidukari au wadudu gamba wanaotoa utamu, na masizi ni kuvu anayeota juu ya utamu huo. Sisimizi wanaopanda na kushuka ndio walinzi wao. Osha kwa maji yenye sabuni kidogo ya kufulia, ukipangusa kwa kitambaa, rudia baada ya wiki.

Msimamo wetu kuhusu dawa za dukani ni mkali kidogo na hatuoni aibu. Jani la chai halioshwi wala halimenywi. Linatoka mtini, linakauka, linaingia kwenye maji ya moto, na yote iliyokuwa juu yake inaingia kikombeni mwa mtoto. Dawa ya nyanya au ya pamba haikuandikiwa chai. Isitoshe dawa kali huua buibui na wadudu kobe wanaomla utitiri, na wiki chache baadaye utitiri hurudi kwa wingi zaidi. Kama umeshindwa kabisa, mwite afisa ugani akuone dawa iliyosajiliwa kwa chai, usome siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uzihesabu.

Tupande ekari?

Swali hili linakuja hasa kwa vijana walioona mashamba ya Usambara. Udongo na mvua za upande wa juu wa Upare Kusini zinaweza kuukubali mchai mahali pengine, hatukatai. Mchai unahitaji mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka au zaidi, iliyotawanyika vizuri. Lakini chai si tangawizi ya Mamba Miamba, ambayo unaing'oa na ikisubiri gari siku tatu haikudai kitu. Jani bichi likichumwa linatakiwa kufika kiwandani siku ile ile, likiwa halijapondeka wala kupata joto gunia kwa gunia. Viwanda vya kanda hii viko Usambara, kwenye wilaya kama Lushoto, Korogwe na Muheza. Kutoka Bombo unateremka hadi barabara ya Ndungu, unapita Kihurio ukiiona milima ya Usambara mbele yako kama ukuta, unatokea Mkomazi, kisha uanze kupanda tena kutoka Mombo. Jani lako litafika limepikika.

Ekari moja inachukua karibu mashina 4,400. Ni fedha ya miche, ni miaka mitatu ya kusubiri, na ni ardhi iliyoondolewa kwenye kahawa, migomba au tangawizi. Atakayekuja kukushawishi ung'oe mazao hayo upande chai, mwulize swali moja: jani langu litanunuliwa na nani, na litafika kwake saa ngapi? Asipokuwa na jibu la maandishi, mkaribishe chai, anywe, aondoke salama.

Mashina ishirini ya nyumbani ni habari nyingine. Yapande ukingoni mwa tuta yashike udongo, na utapata chai ya familia. Namna ya kuitengeneza ni hii. Chuma majani mawili na kichipukizi chake, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne wakati wa mvua. Yatandaze kwenye ungo kivulini usiku mmoja yalegee. Asubuhi yasugue kati ya viganja au juu ya ubao hadi yatoe maji na kujisokota. Yaache yamefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu saa mbili hivi, yatageuka rangi ya shaba na kunukia chai. Kisha yakaushe haraka, kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo sana ukigeuza bila kuacha, hadi jani livunjike ukilibana kwa vidole. Kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa karibu kilo moja ya chai kavu. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na vitunguu na mafuta ya taa, maana chai hunyonya harufu ya jirani yake upesi.